Vijana, Uwanja na Chuo Kikuu: Uhakiki wa Elimu ya Juu ya Maigizo ya Vijana

Mwezi Desemba mwaka 1962, Tanganyika ilipogeuka Jamhuri, Rais Julius Nyerere aliunda wizara ambayo haikuwapo kabla yake, ikaitwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Wizara hiyo imekwisha kubadilika jina na umbo mara nyingi, lakini jina lake la kwanza lastahili kukumbukwa na kila mwalimu. Utamaduni na vijana viliwekwa chini ya paa moja. Mwalimu alilalamika kwamba shule za mkoloni zilimfundisha mtoto nyimbo na dansi za Waingereza, zikamwacha bila kuzijua za baba na mama yake. Kwa kuviunganisha vitu hivyo viwili, taifa changa lilikuwa linakiri kwamba utamaduni hauwezi kurudishwa na wazee peke yao. Lililobaki bila kuamuliwa ni hili: je, kazi hiyo ingefanywa na vijana, au ingefanywa juu ya vijana? Swali hilo liliingia hata katika vyumba vya chuo kikuu, na mpaka leo halijatoka.

Katika makala hii nakusudia kuihakiki elimu ya juu ya maigizo ya vijana, yaani tasnifu, utafiti na miradi inayofanywa na wasomi wa shahada ya pili na ya tatu kuhusu sanaa za maonyesho zinazowahusu watoto na vijana. Tumezoea kuhakiki tamthilia. Wanafunzi wetu wa sekondari hujua kutaja dhamira na wahusika wa Kinjeketile hata wakiamshwa usiku, ingawa wengi wao hawajapata kuuona mchezo huo ukichezwa. Lakini elimu yenyewe inayomwandaa mwalimu wa tamthilia, na inayoamua nini kiitwe maigizo ya vijana na nini kisiitwe, ni nadra kuhakikiwa. Kipimo nitakachotumia ni Usukuma, hasa nchi ya Bariadi na majirani zake katika Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kutokana na wilaya zilizokuwa za Shinyanga pamoja na sehemu ya Mwanza. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu huko watu 2,140,497, na yeyote aliyepita kwenye viwanja vya shule zake asubuhi hahitaji kuambiwa umati huo una umri gani.

Kwanza tutazame elimu hiyo imetoka wapi. Idara ya Sanaa za Maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1965, ulimwengu wa Ulaya ulishuhudia mambo mawili yaliyoipa sura elimu ya maigizo ya watoto: mjini Paris uliundwa muungano wa kimataifa wa maigizo ya watoto na vijana uitwao ASSITEJ, na mjini Coventry, Uingereza, wasanii wa jumba la Belgrade walianza kuingia shuleni na michezo ya kufundishia. Baadaye vyuo vya Marekani, kama vile Chuo Kikuu cha Arizona State na kile cha Texas mjini Austin, vilifungua shahada za juu za fani hii. Yapo mengi mema ya kujifunza kutoka kwao, na haingekuwa haki kusema kwamba wote walimfanya mtoto akae kimya; wale wa Coventry walimwita mtoto aingie mchezoni na kuamua. Hata hivyo, utaratibu wa msingi haukubadilika. Mtu mzima aliyesomea kazi hiyo ndiye aliyebuni, akaandaa, akaleta. Mtoto aliletewa. Alikuwa hadhira, na ukarimu wote wa fani hiyo ulikuwa katika kumfanya awe hadhira iliyochangamka.

Sasa tuuendee uwanja wa Kisukuma baada ya mavuno, miezi ya Juni mpaka Agosti, pamba ikiwa imekwisha kuvunwa na mtama umo ghalani. Vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo kwa mapokeo waasisi wao ni Ngika na Gumha, hukutana kushindana. Kila upande hushika sehemu yake ya uwanja, na ngoma huanza kwa pamoja, upande huu na upande ule. Hapana jukwaa wala mwamuzi anayekaa mezani na kalamu. Watazamaji ndio mizani: upande ukipwaya, watu huuacha wakakimbilia wa pili, na mwisho wake mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi. Kwa hiyo kila chama hujitahidi kubuni jambo ambalo halijapata kuonekana. Ndipo yalipotoka masanamu ya mti yenye viungo vinavyochezeshwa, ndipo nyoka na fisi walipoletwa uwanjani na Bayeye na wenzao, ndipo wachezaji wa Bununguli walipoleta ustadi wa wawindaji wa nungunungu. Dawa za kuvuta watu nazo zilitumika, na bado zinasemwa. Mhakiki mwaminifu hazifichi, wala hazifanyi kuwa ndizo habari yote.

Jambo lililo muhimu kwetu ni nafasi ya kijana katika mpango huu. Katika jamii ya Wasukuma vijana walikuwa na umoja wao wa kazi, elika, wenye kiongozi wao waliyemchagua wenyewe, nsumba ntale. Umoja huo ulilima mashamba ya watu kwa zamu, ukapokea malipo yake, ukatoza faini wale waliokwepa, na ngoma ya jembe, bugobogobo, ilikuwa sehemu ya kazi hiyo. Vijana waliimba wigashe, ngoma ya kukaa, wakiwa wameketi kwa safu na kueleza kwa mikono na kwa sauti habari za mwaka: njaa, mapenzi, mtu aliyekula fedha ya ushirika, chifu aliyezidisha kodi. Hapo kijana hakuletewa sanaa. Alikuwa mtungaji na mtendaji, alimiliki chombo na aliogopwa kwa ajili yake, kwani wimbo uliotungwa vizuri ulimaliza msimu mzima ukimwandama mhusika. Na alipokuwa mtazamaji, alikuwa mtazamaji mwenye miguu, aliyeweza kumwangusha msanii kwa kugeuka na kuondoka. Linganisha na mwanafunzi aliyepangwa kwenye benchi la bwalo, mwalimu wa zamu amesimama mlangoni na fimbo, akitazama igizo la kumwonya asivute bangi.

Nasema haya bila kuipamba jadi kupita kiasi. Uongozi wa elika ulikuwa wa vijana wa kiume. Msichana aliimba, lakini mamlaka ya kuamua wimbo utamwandama nani haikuwa yake, na mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa wimbo. Tutalirudia jambo hili, kwa sababu ndipo elimu ya chuo kikuu ilipoleta jambo ambalo uwanja haukuwa nalo.

Kabla ya hapo yafaa tukitazame kisa kimoja ambacho kila mtoto wa Usukuma alikisikia, cha Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we. Zimwi limemeza watu wote na mifugo yao. Amebaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha ndani ya makapi ya nafaka, na mtoto anayezaliwa ndiye Masala Kulangwa, mwenye akili nyepesi ya kuelewa. Akikua anauliza: wengine wako wapi? Akiambiwa habari za zimwi, anatoka kwenda kulitafuta, na kila anachokiua, kuanzia panzi, anamletea mama yake akiuliza kama ndicho. Mama hujibu kwamba sicho. Mnyama huongezeka ukubwa, swali halibadiliki. Hatimaye analiua zimwi lenyewe, analipasua tumbo, watu wanatoka. Lakini katika kupasua anamkata kikongwe mmoja sikio, na kikongwe huyo, badala ya kushukuru, anakuwa na hasira kubwa, mpaka kijana atafute dawa ya kumponya.

Mtambaji hodari hakihadithii kisa hiki tu, hukiigiza. Watoto hujibu pamoja naye kila panzi au ndege anapoletwa, na wao ndio wanaoyapima mazimwi yote ya uongo kabla ya lile la kweli. Ukikichunguza kwa macho ya mhakiki utaona mtoto anatambua adui kwa kukosea mara nyingi, na hachekwi. Tena kisa hakiishii kwenye ushindi. Sikio la kikongwe ni mahali pagumu ambapo hadithi nyingi za watoto, za kwetu na za wageni, hukwepa kufika: mkombozi naye amejeruhi, na jeraha lina mwenyewe. Ningefurahi kuona tasnifu nzima iliyoandikwa juu ya sikio hilo.

Wasomi walioiona hazina ya namna hii hawakukosekana. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni, alikusanya maandishi mengi juu ya Wasukuma, na karatasi zake zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1988 Elias Songoyi aliandika tasnifu yake ya shahada ya pili katika chuo hicho juu ya msanii na dola, akiwachunguza waimbaji wawili, Kalikali wa Usukuma na Mwinamila wa Tabora. Hiyo ni kazi ya heshima, kwa sababu ilimtazama mwimbaji wa kijijini kuwa mwenye fikra zake kuhusu serikali, anayeweza kuisifu na anayeweza kuigomea. Mmarekani Frank Gunderson naye alitoa mwaka 2010 kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma, kilichochapishwa Leiden, Uholanzi. Lakini hakuna kati ya kazi hizi iliyomweka kijana katikati kwa makusudi. Aliyefanya hivyo, na kwa hiyo anayestahili sehemu kubwa ya uhakiki huu, ni Penina Muhando, ambaye wasomaji wa vitabu vya kitaaluma humjua kwa jina la Penina Mlama.

Safari yake ya fikra inaonyesha vizuri mgogoro niliousema mwanzoni. Mwaka 1972 alichapisha tamthilia ya Hatia, ambayo msingi wake ni mimba ya msichana asiyeolewa. Ni mchezo wa mwandishi: yeye ameketi na kalamu, amemwumba msichana, amempa maneno, na sisi tunahukumu. Mwaka 1983 alimaliza tasnifu yake ya shahada ya tatu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, juu ya sanaa za maonyesho za jadi za Wakaguru, watu wake, zikiwa chombo cha kuelimishia. Hapa pana hatua kubwa ya kifikra. Elimu ya juu kabisa nchini ilikubali kwamba ngoma, hadithi na mafunzo ya jadi ya Wakaguru ni shule yenye mpango, yenye walimu, yenye njia za kumfikisha mtoto katika utu uzima, na kwamba msomi huenda huko kusoma kabla ya kwenda kufundisha. Kwa nchi iliyorithi shule zilizoita mambo hayo ushenzi, kuandika hivyo na kupewa shahada lilikuwa jambo zito.

Na wakati tasnifu hiyo inakamilishwa, mwandishi wake alikuwa amekwisha kuingia Usukuma. Mwaka 1982 na 1983 yeye pamoja na wenzake wa idara, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi katika kijiji cha Malya. Malya haimo katika Mkoa wa Simiyu. Iko Wilaya ya Kwimba, Mkoa wa Mwanza, jirani kabisa na Malampaka ya Wilaya ya Maswa, na reli ya Mwanza hupita pote pawili. Watu wengi leo huijua kwa chuo chake cha michezo. Lugha ni ile ile na ngoma ni zile zile za Bariadi. Walimu hao hawakuleta mchezo uliokwisha andikwa. Waliishi na wanakijiji, wakawauliza matatizo yao, na lililojitokeza lilikuwa hali ya vijana, hasa mimba za wasichana walio shuleni. Kisha maonyesho yakatengenezwa na wanakijiji wenyewe kwa ngoma na maigizo waliyoyazoea, yakachezwa hadharani, na baada ya mchezo watu wakabaki kujadili.

Msomaji aone mwandishi wa Hatia amefika wapi. Jambo ni lile lile, mimba ya msichana. Lakini sasa kalamu imewekwa chini. Uwanja umechukua mahali pa ukurasa, na wenye tatizo ndio wanaotafuta sababu zake. Naamini hakuna mabadiliko makubwa zaidi katika historia ya sanaa zetu za maonyesho kuliko haya ya miaka kumi katika maisha ya mtunzi mmoja, na yanashangaza kwa kuwa hayasomeshwi. Wanafunzi husoma tamthilia zake, Malya hawaisikii.

Kwa nini hawaisikii? Sababu moja iko wazi mno hata huwa haionekani. Tasnifu ya Wakaguru iliandikwa kwa Kiingereza. Kitabu ambamo Mlama alieleza kwa kirefu njia hii ya sanaa za umma na maendeleo kilitoka mwaka 1991 huko Uppsala, Sweden, nacho ni cha Kiingereza. Basi mtoto wa Malya aliigiza kwa Kisukuma na Kiswahili, mjadala ukaenda kwa lugha hizo, halafu maarifa yaliyotokana na jasho lake yakapanda reli, yakapanda ndege, yakachapishwa katika lugha ambayo mzazi wake hawezi kuisoma na mwalimu wake aisoma kwa taabu. Silaumu mtu mmoja hapa. Mwandishi aliyetutungia Hatia, Nguzo Mama na Lina Ubani hahitaji kufundishwa na yeyote mapenzi ya Kiswahili. Lawama ni ya utaratibu wa shahada, ambao hudai kwamba fikra nzito iwe ya Kiingereza ndipo ihesabiwe kuwa fikra. Kitabu cha Juma Bakari na Ghonche Materego, Sanaa kwa Maendeleo, cha mwaka 1995, kilijaribu kuliziba pengo hilo kwa kuwapa watendaji stadi na mazoezi kwa Kiswahili, nacho kingefaa kiwe mkononi mwa kila mwalimu anayeongoza kikundi cha maigizo shuleni. Lakini kitabu kimoja cha mbinu hakiwezi kuchukua mahali pa rafu nzima ya tasnifu.

Sababu ya pili ni nzito kuliko hiyo. Malya iligusa jambo ambalo taifa halikuwa tayari kulimaliza. Mwaka 1996 Mlama, Lihamba na wenzao walianzisha mpango wa Tuseme katika shule za sekondari, ambamo wasichana walichunguza wenyewe vikwazo vya masomo yao, wakavitungia maigizo, wakavisema mbele ya walimu na wanafunzi wenzao. Baadaye mpango huo ulienea katika nchi nyingine za Afrika kupitia shirika la FAWE. Jina lake limechaguliwa vema. Ni kitenzi, tena cha wingi, na mtendaji wake ni msichana yule aliyekuwa wimbo wa wengine katika uwanja wa Kisukuma. Hapa chuo kikuu kililipa deni lake kwa uwanja: kilichukua nguvu ya elika, yaani vijana kujiundia chombo chao, kikampa yule ambaye elika haikumpa.

Lakini yafaa kuuliza swali ambalo tasnifu nyingi hulipita mbio. Msichana akisema ukweli wake jukwaani, nini humpata kesho yake asubuhi? Katika miaka yote hiyo mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule. Kanuni za mwaka 2002 zilitoa nafasi ya kufukuza kwa makosa ya kimaadili, na mimba ikahesabiwa humo. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba msichana aliyejifungua hatarudi katika shule ya serikali. Ilikuwa tarehe 24 Novemba mwaka 2021 ndipo wizara ya elimu ilipotangaza kwamba waliokatisha masomo, pamoja na waliojifungua, waruhusiwe kurudi katika shule za kawaida. Kutoka jioni za Malya mpaka tangazo hilo ni karibu miaka 40. Sidai kwamba maigizo ndiyo yaliyoleta badiliko hilo. Wapo wanasheria, wazazi na wanaharakati waliopigana. Nadai kwamba kwa muda wote huo mchezo wa kuigiza ulimtaka msichana afungue kinywa mahali ambapo kukiri kulikuwa na bei, na bei hiyo haikulipwa na mtafiti.

Hili ndilo sikio la kikongwe katika elimu yetu. Mkombozi anapasua tumbo la zimwi kwa nia njema, na kisu kinapita mahali. Msomi wa maigizo ya vijana hufundishwa namna ya kuwafanya vijana waseme. Afundishwe pia namna ya kuwalinda wakiisha kusema. Uwanja wa jadi ulikuwa na njia zake za kulinda. Mwimbaji wa wigashe alikaa katika safu, sauti yake ikiwa moja kati ya nyingi, na maneno makali yalipita kwa fumbo ambalo mhusika alilielewa na mgeni hakulielewa. Mambo hayo watafiti huyaita fani, wakayaorodhesha pamoja na mavazi na ala. Kwa maoni yangu ni siasa ya usalama, iliyotungwa na watu waliojua kwamba kesho watakutana kisimani na yule waliyemwimba jana. Ukimtoa msichana katika safu hiyo ukamweka peke yake mbele, kwa jina lake, aeleze kisa chake kwa Kiswahili cha wazi mbele ya mkuu wa shule na mgeni wa heshima, huenda ukapata mchezo wa kusisimua na sura nzuri ya tasnifu. Umempokonya pia ngao yake.

Wapo watakaopinga na kusema kwamba ngoma za mashindano zimejaa uadui na uganga, na kwamba kijana wa leo mjini Bariadi, mwenye simu mkononi na muziki wa kizazi kipya masikioni, hana habari nazo. Pingamizi hilo lina ukweli, lakini linakosea shabaha. Sipendekezi kijana arudishwe kwa nguvu katika Bagika au Bagalu. Wasukuma wenyewe hawakuwahi kuuganda uwanja wao. Chama kilichorudia cha mwaka jana kilishindwa. Wimbo wa chama cha ushirika, wimbo wa siasa, sanamu la polisi, vyote viliingia humo vilipokuwa vipya. Padri David Clement alipoanzisha kazi ya utamaduni huko Bujora, Kisesa, aliingiza mashindano hayo hata katika sikukuu ya Kanisa, Bulabo, na hayakufa. Kinachofaa kuchukuliwa ni kanuni yao: hadhira iwe na uhuru wa kuondoka, na kijana awe na haki ya kubuni na ya kuaibisha. Kanuni hiyo yaweza kukaa ndani ya kichekesho cha dakika 15 kilichochukuliwa kwa simu.

Adui halisi wa maigizo ya vijana katika siku zetu, kwa maoni yangu, ni mradi. Ofisi ya mbali huamua mada, hupanga siku, huleta fulana, na kikundi cha vijana hutunga mchezo ambao mwisho wake ulijulikana kabla haujaanza: mlevi atatubu, mzazi mkaidi atamrudisha binti shule, wote wataimba. Vijana hulipwa posho, nao hawana kosa kuipokea, kwani elika nayo ililipwa. Tofauti ni kwamba elika ilijua kulima shamba la nani, tena kwa makubaliano gani. Mwanafunzi wa shahada ya pili akija kuuchunguza mchezo wa namna hiyo, akahesabu watazamaji na kuwahoji kama wamefurahi, atapata majibu mema kila mara. Kwenye uwanja wa Juni angeona kwa macho yake watu wakiondoka.

Basi mwanafunzi huyo akipangiwa Bariadi, ningetaka afanye nini? Asije wiki mbili za likizo. Aje wakati wa kulima, mvua za mwanzo zikianza, aone vijana wanavyogawana kazi na ni nani siku hizi wanamtii kama nsumba ntale, awe ni dereva wa bodaboda au kiongozi wa kwaya. Abaki mpaka mavuno. Ajifunze Kisukuma cha kutosha ili akicheka acheke pamoja na wenzake, asisubiri kutafsiriwa. Walimu wa shule za huko wawe washirika wake wa utafiti, hasa wakati huu ambapo mtaala wa shule za msingi ulioanza kutumika mwaka 2024 umeipa sanaa na michezo nafasi ya somo, na walimu wengi wamekabidhiwa kufundisha jambo ambalo vyuo havikuwaandaa kulifundisha. Mchezo utakaotungwa uchezwe mara mbili: kwanza mbele ya vijana peke yao, ambao watakuwa na ruhusa ya kuondoka, na baadaye, wakikubali wao, mbele ya wazazi na wakubwa. Anayetoa kisa chake aamue kama kitaimbwa na mmoja au na safu nzima.

Na tasnifu itetewe Dar es Salaam kama sheria za chuo zinavyotaka, lakini itetewe pia Bariadi. Uwanja wa Nyakabindi, ambao uliyapokea maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane mwaka 2018, una nafasi ya kutosha kwa watu watakaokuja kumsikiliza msomi akieleza alichokiona kwao. Nakala moja ya tasnifu hukaa katika maktaba ya chuo, karibu na karatasi za Cory, ambako hufunguliwa na msomi mwingine anayetafuta cha kunukuu. Nakala ya pili, ya Kiswahili, iwekwe katika maktaba ya shule ya sekondari ilikotoka, mahali ambapo msichana wa kidato cha pili aliyecheza ndani yake aweza kuifungua, akatafuta ukurasa unaomhusu, na kusema kama hivyo ndivyo alivyosema.